KIJANA, UNAJIFICHA NANI ASIKUONE?

Kijana mwenzangu uliyepewa karatasi hii, usiitupe kwanza! Sijui kama umeokoka au hujaokoka, na leo sikuulizi hilo. Nakuuliza swali moja tu, ulijibu wewe mwenyewe moyoni mwako: JE, JAMBO LINAKUWA HALALI KWA SABABU HAKUNA ANAYELIJUA?

Nauliza kwa sababu kamari siku hizi imebadilisha nguo. Zamani mcheza kamari alijulikana. Pata potea ilichezwa stendi, watu wamezunguka, ukiliwa mji mzima unajua umeliwa. Yakaja mabanda ya kubeti. Ukiingia pale Katoro au Nyankumbu shemeji yako anapita na bodaboda anakuona, na mkeka ukichanika unatoka umeinamisha kichwa na watu wanajua kulikoni. Ikaja kubeti kwa simu. Huko nako hukufichika sana, maana tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo kila shilingi inayotoka kwenye simu yako ina kidole chako juu yake.

Sasa imekuja ya nne. Ni bahati nasibu za mtandaoni zinazochezwa kwa sarafu za kidijitali, hizi mnazoziita kripto. Jina halitakiwi. Kitambulisho cha taifa hakitakiwi. Unampa jamaa shilingi, yeye anakutumia bitcoin au USDT, unanunua namba zako, basi. Na ukiangalia matangazo yao vizuri utaona hawajisifii tu ushindi. Wanajisifia USIRI. Eti cheza, hakuna atakayejua, ushinde usishinde.

Rafiki yangu, mimi nimeishia darasa la saba na kozi ya Biblia, lakini hilo neno usiri limenisumbua sana. Maana siri si kitu kibaya chenyewe. Hebu tusidanganyane hapa. Wahubiri wengine wakisikia mtu ana siri wanaruka moja kwa moja kwenye dhambi. Mchimbaji aliyepata gramu zake usiku hapigi tarumbeta, anaziweka mahali anapojua yeye mpaka asubuhi aende sokoni. Huyo ana akili. Hata Yesu alifundisha watu wasali mlango ukiwa umefungwa na watoe sadaka bila kujitangaza. Kwa hiyo ukiniambia, "Mwinjilisti, kujificha ni haki yangu," sitakukatalia haraka.

Tena nitakuongezea ushahidi wa upande wako. Mwaka 2006 kule Florida, Marekani, mtu mmoja aliyeitwa Abraham Shakespeare, kibarua tu, alishinda bahati nasibu ya dola milioni 30. Jina lake likatangazwa. Watu wakaanza kumjia, huyu anataka mkopo, yule ana mgonjwa. Akatokea mwanamke mmoja, Dorice Moore, akajifanya rafiki wa kumsaidia kutunza mali. Mwaka 2009 Shakespeare aliuawa, na Januari 2010 mwili wake ukakutwa umefukiwa chini ya sakafu ya zege. Moore alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2012. Unaona? Kama jina la mtu yule lingefichwa, huenda angekuwa hai. Uingereza mshindi anaruhusiwa kukataa kutangazwa, na mimi naona wamefanya vizuri.

Basi siri inaweza kumlinda mtu. Lakini sikiliza habari ya pili, uone siri hiyo hiyo ikigeuka.

Desemba 2010 katika jimbo la Iowa, Marekani, ilinunuliwa tiketi ya bahati nasibu iliyoitwa Hot Lotto. Ikashinda dola milioni 16.5. Hakuna aliyekuja. Ukapita karibu mwaka mzima! Saa chache kabla ya muda kwisha tiketi ikaletwa kwa niaba ya wakili wa New York, naye akasema mwenye mali ni shirika lililoandikishwa nchi ya Belize. Mwenye shirika ni nani? Hasemi. Watu wa bahati nasibu ya Iowa wakasema: sheria yetu ni kwamba tunamlipa mtu tunayemjua, bila jina hatutoi hata senti. Januari 2012 dai likaondolewa. Fikiria, mtu anaacha mabilioni ya shilingi ili tu jina lake lisitajwe!

Wakaanza kuchunguza. Mwaka 2014 wakaonyesha hadharani picha za kamera ya dukani, mtu amevaa kofia ya sweta ananunua tiketi, na sauti yake inasikika. Wafanyakazi wenzake wakaitambua ile sauti. Alikuwa Eddie Tipton, mkuu wa usalama wa kompyuta wa chama kile kile kilichoendesha bahati nasibu hiyo! Alikuwa ametia programu yake kwenye mashine ya kuchagua namba, ili siku fulani za mwaka aweze kubashiri zitakazotoka. Alikuwa amefanya hivyo na kwenye majimbo mengine pia. Mwaka 2017 akahukumiwa kifungo kinachoweza kufika miaka 25.

Sasa kijana, fikiri na mimi. Kitu gani kilimkamata mwizi yule? Si polisi wenye bunduki. Ni swali dogo tu: MWENYE TIKETI NI NANI? Kama bahati nasibu ile ingekuwa ya hizi za sasa zisizouliza jina, Tipton angelipwa siku hiyo hiyo na wale maelfu waliokuwa wakinunua tiketi kila wiki kwa imani wasingejua wameibiwa. Ule usiri unaosifiwa kuwa unakulinda wewe mchezaji unamlinda na mwendeshaji. Wewe hujulikani, na yeye hajulikani. Akila pesa zako unamshtaki nani? Unaenda kituo cha polisi Geita unasema nimeibiwa na tovuti iliyoandikishwa Curaçao, kisiwa kiko bahari ya Karibi, na mimi mwenyewe nilicheza bila jina?

Hapa nchini iko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2003. Sina sababu ya kusifia kamari yenye leseni, hilo nalijua wewe utanirukia nalo. Ila mwenye leseni ana ofisi, ana mahali pa kugonga mlango, na amekatazwa kumchezesha mtoto wa chini ya miaka 18. Hao wasiouliza jina wanajuaje kama anayecheza ni mtoto wa darasa la sita aliyeshika simu ya baba yake? Hawajui. Na ndiyo biashara yao, kutojua.

Utasema, "Lakini hizi za kripto unaweza kuhakiki mwenyewe kwamba namba haikuchezewa." Ni kweli, zipo zilizotengenezwa hivyo, wanakupa hesabu ya kulinganisha kabla na baada. Sikatai. Lakini kuhakiki kwamba shimo ni refu hakukufanyi usitumbukie. Chukua mchezo wa kawaida wa kuchagua namba 6 kati ya 49. Nafasi yako ni moja kati ya 13,983,816. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,977,608 mkoa mzima wa Geita, kuanzia mtoto mchanga mpaka kikongwe. Wachukue wote hao mara nne na zaidi, halafu atafutwe mmoja, ndiyo nafasi yako hiyo. Ukicheza tiketi moja kila siku, ni zaidi ya miaka 38,000 ndipo siku zako zilingane na hiyo hesabu. Na hapo bado mwendeshaji hajakata chake! Zaidi ya hapo, ukilipwa kwa bitcoin, bei yake nayo inaruka: Novemba 2021 moja ilifika karibu dola 69,000, mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Yaani unaweza kushinda leo na ukapoteza ulichoshinda ukiwa umelala.

Halafu huo usiri wenyewe, je, ni wa kweli? Wengi hamjui hili. Bitcoin tangu ilipoanza Januari 2009 inaandikwa kwenye daftari moja linaloonwa na dunia nzima. Jina lako halimo, ila namba ya pochi yako imo, na kila ulichotoa na kupokea kimo, na hakifutiki. Siku moja tu namba hiyo ikiunganishwa na wewe, mambo yako yote ya nyuma yanasomeka kama gazeti. Mwaka 2016 waliibwa bitcoin karibu 120,000 kutoka soko liitwalo Bitfinex. Mwizi alijiona mjanja, akazizungusha huku na huku miaka sita. Februari 2022 serikali ya Marekani ikawakamata mume na mke pale New York na kurudisha zaidi ya bitcoin 94,000. Walifuatwa kwa nyayo zilizokuwa kwenye daftari lile lile. Tena yule jamaa wa Geita aliyekuuzia USDT anakujua uso, na mtandao wa simu uliotumia kumlipa unakijua kidole chako. Umefichika kwa nani sasa?

Na majirani zetu Kenya walionyesha upande mwingine wa jambo hili. Mwaka 2023 vijana walipanga foleni Nairobi, maelfu kwa maelfu, wamulikwe macho na mashine ya Worldcoin ili wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za kule. Jicho, kijana! Kitu ambacho huwezi kukibadilisha kama namba ya siri. Agosti 2023 serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Siwacheki vijana wale, njaa ni njaa. Nataka tu uone kwamba siri yetu wenyewe tunaiuza rahisi kwa wageni, halafu tunaificha kwa nguvu zote dhidi ya watu wa nyumbani.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Swali la haki si kama una siri au huna. Swali ni UNAMFICHA NANI? Mchimbaji anayeficha gramu zake anamficha jambazi, na jambazi hana dai lolote juu ya gramu hizo. Mshindi anayeficha jina anamficha tapeli kama yule wa Florida. Sawa! Lakini wewe unayecheza saa nane usiku umeugeukia ukuta, mwanga wa simu umeupunguza, unamficha nani? Jambazi hayuko chumbani. Unamficha mke wako aliyelala hapo, ambaye kesho ataulizia ada ya mtoto na utamwambia kazini hakujalipa. Au bado hujaoa, unamficha mama aliyeuza kuku akakupa nauli ya kuja mgodini. Hao wana dai. Pesa ile kabla haijawa yako peke yako ilikuwa na majina yao ndani yake.

Utaniambia: "Pesa ni yangu, nimetoka nayo jasho." Ngosha, mimi naheshimu jasho lako kuliko unavyodhani. Nimehubiri Nyarugusu na Rwamgasa, nimewaona vijana wanatoka shimoni rangi ya udongo, macho tu ndiyo yanaonekana. Ndiyo maana nauchukia mchezo unaochukua jasho hilo bila hata kukupa mtu wa kugombana naye.

Sasa nije kwenye hoja yenu kubwa, ambayo vijana wa mgodini hunibana nayo kila nikipita. Mnasema: "Mbona hata duara ni kamari? Unachimba miezi sita, unakopa chakula, mwamba unatoka mweupe, hakuna kitu. Mwenzako hatua kumi pembeni anapiga dhahabu. Tofauti iko wapi?" Hoja hii ni nzito na sitaikimbia. Ni kweli bahati ipo mgodini. Ipo hata shambani, mvua ikikataa. Mungu hakutuweka kwenye dunia isiyo na bahati, na hata mitume walipiga kura kumpata wa kushika nafasi ya Yuda.

Tofauti naiona mahali pawili. Kwanza, dhahabu ikitoka kwenye mwamba hakuna aliyelia ili itoke. Imetoka ardhini, ni kitu kipya, dunia imeongezewa. Lakini bahati nasibu haichimbi chochote. Kila shilingi ya mshindi imetoka mfukoni mwa mwingine aliyetamani kama wewe, na michezo mingi ya namna hii duniani hurudisha kwa wachezaji kama nusu tu ya kilichokusanywa. Ukiomba ushinde, unaomba wengi waliwe. Nakuambia lile daftari la kripto linakuonyesha namba za pochi, halikuonyeshi nyuso. Ungeonyeshwa nyuso za waliolipia ushindi wako, mmoja mmoja, na ulichowanyima watoto wao, ungeupokea ukicheka?

Pili, na hili linyi wachimbaji mnalijua kuliko mimi: mgao. Mawe yakipanda juu, viroba vinagawiwa mchana, watu wamesimama wanaangalia. Cha mwenye duara hiki, cha mwenye eneo hiki, cha wachimbaji hiki. Kwa nini hamgawani gizani kila mtu na simu yake? Kwa sababu mnajua mahali palipo na bahati pana tamaa, na tamaa inahitaji macho ya watu kuishika. Mtu akificha jiwe kwenye buti, mnamfanya nini? Mnajua wenyewe. Serikali nayo iliona hivyo hivyo ilipofungua soko la dhahabu Geita Machi 2019, mizani iwe mezani, bei ibandikwe ukutani. Kwa hiyo mioyo yenu inajua tayari kwamba bahati ya haki inagawiwa mbele za watu. Mbona kwenye simu mnasahau?

Biblia ina habari ya mtu aliyeitwa Akani. Alichukua mali ambayo haikuwa yake, ndani yake kulikuwa na kipande cha dhahabu, akaichimbia chini ya hema yake. Hakuna aliyeona. Lakini watu wa kwao walishindwa vita na 36 wakafa, wala hawakujua kwa nini. Wasomaji wengine wataona ni hadithi ya kale. Mimi naiona kila mwisho wa mwezi, nyumba inashindwa vita yake, kodi, dawa, madaftari ya shule, na mle ndani watu watano hawajui kwa nini, isipokuwa mmoja.

Labda unasema mioyoni, "Hawa wahubiri nao wasituambie habari za pesa." Una haki. Mwaka 2009 serikali ilisimamisha upatu wa DECI, ambao wachungaji walikuwa mbele katika kuuendesha, na watu wengi wakalia na fedha zao. Na wapo leo wanaouza bahati madhabahuni kwa bei kuliko tiketi yoyote. Kwa hiyo usinisikilize kwa sababu ya koti langu. Pima maneno.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, ni shilingi tu. Juni 2021 Rais Samia akiwa Mwanza aliiambia Benki Kuu ijiandae na mambo haya, na sheria ya fedha ya 2024 ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Mambo yanaendelea kubadilika, na mimi si mwanasheria. Mtu anaweza kushika bitcoin na akawa mwaminifu. Nabishana na giza, sibishani na sarafu.

Limebaki moja linaloninyima usingizi. Duara lenye utaratibu lina daftari la walioshuka. Ukishuka, jina lako linaandikwa. Hakuna mchimbaji anayesema hapo, "Mnaingilia usiri wangu." Anajua kabisa kwamba duara likikaa, juu watajua wanamchimbua nani. Januari 2017 kule Nyarugusu watu 15 walifukiwa, Watanzania 14 na Mchina mmoja, na baada ya siku kama tatu wakatolewa wote wakiwa hai. Walitafutwa kwa sababu ilijulikana wako mle.

Pochi ya kripto haina daftari hilo. Ina maneno 12, au 24, unayopewa siku ya kwanza, na asiye na maneno hayo haifungui milele, hata mahakama ikiamuru. Tuseme umeshinda. Tuseme kweli, bahati imekuangukia, na hakuna anayejua kama ulivyotaka. Kesho yake ukashuka shimoni na hukupanda. Wenzako watakuchimbua, watakuzika vizuri, watachanga. Simu yako atapewa mkeo, atapiga picha zako za mwisho kope, ataiuza elfu thelathini anunue unga. Mali ya watoto wako itabaki pale kwenye daftari la dunia, kila mtu anaiona, hakuna anayejua ni ya nani.

Na kama hukushinda bali unadaiwa, na jamaa wa USDT anakuja msibani kudai, ndipo siku hiyo mkeo atakufahamu.

Leo jioni ukifika nyumbani mpe simu ikiwa wazi, umwambie aangalie anachotaka. Usiyeoa, mpe dada yako au mama. Kama mkono hautatetemeka, basi hapa nimeandika bure, na karatasi hii umpe kijana mwingine aliye jirani yako.